Masaa Tisa Kati ya Nairobi na Guangzhou

Wiki jana nilimnunulia binti yangu viatu vya shule. Nilipofungua kisanduku, harufu ya gundi ya viatu vipya ikanijaa puani, nikajikuta nimeketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, nisijue la kufanya nacho. Binti yangu akaniuliza kama nimeona kasoro. Nikamwambia ndiyo, soli imekaa upande, ingawa soli ilikuwa sawa kabisa. Uongo mdogo kama huo hunitoka upesi, na ni ajabu, kwa sababu mimi mwenyewe siamini neno la mtu. Mume wangu akichelewa kutoka kazini simuulizi alikuwa wapi. Namuuliza ametoka saa ngapi na amepita njia gani, kisha napiga hesabu kimyakimya huku nikimpakulia chakula. Yeye hucheka, husema serikali ilikosa mpelelezi hodari. Anacheka kwa sababu hajui kazi hiyo nilijifunzia wapi.

Nilijifunzia Kayole, mtaani kwetu Nairobi, ghorofa ya tatu, nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa mfanyabiashara wa viatu. Mara tatu au nne kwa mwaka alipanda ndege kwenda Guangzhou, huko China, akanunua viatu vya watoto na kuvituma kwa meli, na vichache akarudi navyo ndani ya sanduku. Siku mbili kabla ya safari, watoto wa ploti nzima, yaani jengo letu lote la wapangaji, walipanga foleni kwenye ngazi zetu. Baba alitandaza karatasi ya kaki sakafuni, ukakanyaga, naye akazungusha kalamu pembeni mwa mguu wako. Kalamu ilitekenya, ukacheka, naye akakuambia, "Tulia wewe, la sivyo utaletewa kiatu cha ngamia." Halafu alikata ule mchoro kwa makasi na kuandika jina lako katikati. Alisema namba za viatu za Wachina hazilingani na zetu, lakini karatasi haina maneno mengi. Aliondoka na rundo la nyayo za karatasi zilizofungwa kwa ukanda wa mpira, na mimi niliringa sana shuleni, kwa sababu baba yangu alibeba miguu ya ploti nzima hadi China.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi msafiri alivyosindikizwa uwanja wa ndege siku zile. Mtu hata akienda Saudia kufanya kazi za nyumba, ilikodishwa gari, wakajazana humo akina mama na leso zao, mchungaji wa kuomba, watoto waliovalishwa nguo za Krismasi, na jamaa mmoja mwenye kamera. Mlipiga picha mbele ya milango ya vioo ambayo nyinyi wengine hamkuruhusiwa kuvuka, mkalia kidogo, mkala mikate mliyobeba, mkarudi nyumbani mkijiona kama mliosafiri. Ilikuwa heshima ya anayeondoka na sherehe ya wanaobaki. Baba aliikataa. Kila safari aliikataa. Alinyanyua sanduku lake asubuhi, akasema kazi ni kazi, hakuna haja ya watu kupoteza siku, akateremka ngazi peke yake. Mama alikuwa amejishonea gauni la kijani kwa ajili ya kumsindikiza. Aliishia kulivaa kwenye harusi za watu.

Siku moja, Baba akiwa safarini, Mama na jirani yetu Mama Brayo walikuwa wakianika nguo juu ya paa. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya tangi la maji, mahali nilipopenda kwa sababu watu wazima walisahau kwamba tangi lina upande wa pili.

"Si ati naleta maneno, Mama Mwende," alisema Mama Brayo, "lakini mzee wako nilimwona kule mtaa wa Baba Dogo, siku ileile ya kusafiri. Na sanduku lake. Nikajiuliza, kwani ndege siku hizi zinapandiwa Baba Dogo?"

"Ana stoo huko," Mama akasema.

"Haya basi. Mimi nimeona tu."

 Mama alichukua shati ambalo lilikuwa limeshakamuliwa, akalikamua tena kwa nguvu mpaka nikasikia mishono ikilalamika. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua neno "mpango wa kando", yaani mwanamke wa pembeni, maana redio ilikuwa ikilisema kila asubuhi tukinywa chai, na siku hiyo nililifikiria kwa mara ya kwanza pamoja na uso wa baba yangu. Nikalala bila kula.

Kesho yake niliingia kwenye kabati la sebuleni, chini ya vitambaa vya kufuma, mahali Mama alipohifadhi karatasi za maana. Nilitoa nakala ya tikiti ya Baba. Bahati mbaya, wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametufundisha kasi, umbali na muda, na alikuwa amepiga ubao kwa rula akisema kwamba umbali ukiwa uleule na kasi ikiwa ileile, muda hauna ruhusa ya kubadilika. Tikiti ilisema ndege inatoka Nairobi saa saba mchana na kutua Guangzhou saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake. Nikahesabu kwa vidole, masaa kumi na sita. Kurudi, inatoka Guangzhou saa sita usiku, inatua Nairobi saa moja asubuhi. Masaa saba. Nikarudia mara nne. Vidole havikubadili maneno.

Sikutaka kumwonea. Nilitoa atlasi ya shule nikachukua uzi mweusi wa Mama, nikaunyoosha kutoka Nairobi, juu ya Bahari ya Hindi, juu ya India, mpaka Guangzhou, nikauweka kwenye kipimo cha chini ya ukurasa. Ilikuwa karibu kilometa elfu tisa. Kisha, msinicheke, nikapima tena kuanzia Guangzhou kuja Nairobi, nikiomba Mungu njia ya kurudi iwe fupi. Uzi ulikuwa uleule. Basi safari ya kweli ilikuwa masaa saba, na ndege ya Baba haikuondoka saa saba mchana kama alivyotuambia. Iliondoka saa nne usiku. Alikuwa akituaga asubuhi, akienda Baba Dogo, akikaa huko na watu wake masaa tisa zaidi, halafu ndiyo aende zake China. Niliandika hesabu yote kwenye daftari, nikapiga mstari mara mbili chini ya jibu kama tulivyofundishwa.

Baba alirudi Jumamosi. Susu, yaani mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Machakos kwa ajili ya kliniki ya macho, na alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa miguu ameinyoosha. Mama Brayo alikuwa mlangoni na watoto wake wawili, wakisubiri viatu. Sanduku lilipofunguliwa, nyumba nzima ilinuka gundi. Baba alikuwa na furaha, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akilinganisha kila kiatu na unyayo wake wa karatasi na kutaja majina kama anayegawa vyeti. Vyangu vilikuwa vyekundu, vyenye kifungo pembeni. Nilivipenda mno, na kwa sababu nilivipenda nikaona nikinyamaza nitakuwa nimenunuliwa.

"Baba," nikasema, "kutoka hapa mpaka China ndege inachukua masaa mangapi?"

"Kumi na moja hivi kwenda. Kurudi kumi na mbili, kuna upepo unairudisha nyuma."

Hakuwa amesema kumi na sita wala saba.  Nikaenda kuchukua daftari langu, nikasimama katikati ya sebule na viatu vipya miguuni, nikasoma hesabu yangu yote kwa sauti ya kusimulia mbele ya darasa, kuanzia uzi mpaka jibu. Nilimaliza kwa kusema, "Kwa hivyo, masaa tisa Baba huwa Baba Dogo."

Hakuna aliyecheka. Mama Brayo alimshika mtoto wake mdogo bega, akatazama dari. Susu alichukua daftari langu akalileta karibu na macho yake mabovu kana kwamba angeweza kulisoma.

"Mtoto ameandika mwenyewe?" akauliza.

"Mama, hesabu ya mtoto ina kosa," Baba akamjibu mama yake, na bado alikuwa anatabasamu, masikini. "Saa za kule ziko mbele. Hapa ikiwa saa nne asubuhi, kule ni saa tisa mchana. Tikiti inaandika saa za mahali ndege ilipo."

"Kwani wao wana jua lao?" Susu akauliza. "Baba yako alikuwa hivyohivyo. Anakwenda Mombasa siku mbili, anarudi baada ya wiki mbili, ananiambia treni iliharibika Voi. Kila mara Voi. Nilimwamini mpaka nikamzika, ndiyo nikawaona hao wa Voi wamekuja kulia."

"Mimi si yeye," Baba akasema.

"Ulionekana Baba Dogo na sanduku siku ya safari, ni kweli ama ni uongo?"

Susu alikuwa ameambiwa, na sikuhitaji kuuliza ni nani aliyemwambia. Baba alikawia kujibu. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuona kule kukawia, na nilikuhesabu.

"Ni kweli," akasema. "Nilipita stoo." Kisha akamgeukia Mama, ambaye muda wote alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku. "Mama Mwende, si uwaambie. Wewe hunipigia simu saa nne asubuhi ukiwa sokoni Gikomba, unaniuliza mchana nimekula nini. Waambie saa za kule."

Sote tukamtazama Mama. Alikuwa ameshika kiatu kidogo cha mtoto wa Mama Brayo, akakigeuza, akatazama soli yake, akakirudisha ndani ya sanduku polepole.

"Mimi saa za huko sizijui," akasema.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungika namna ile. Susu alimwambia Baba atoke kwanza, akumbuke vizuri masaa yake aliyaacha wapi, akikumbuka arudi. Alisema hivyo kwa hasira za siku moja, nadhani. Baba akamwaga viatu vilivyobaki juu ya meza, akafunga sanduku likiwa tupu, akatoka nalo. Kutoka dirishani nilimwona akivuka kuelekea Spine Road bila kugeuka. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilikuwa nimeilinda nyumba, na kwa majuma kadhaa Susu alinipakulia nyama kubwa kuliko za wote.

Hakurudi. Alihamia kwenye chumba cha nyuma ya stoo yake, huko Baba Dogo tulikomtuma sisi wenyewe. Kila Jumapili alikuja kuniona, akasimama kwenye geti la ploti, akaniuliza habari za shule, akaondoka. Mama hakuteremka hata siku moja. Watoto wa ploti waliacha kupimwa miguu, na walinichukia kwa hilo bila kujificha. Mimi nilijiambia kwamba huo ndio ushahidi kamili, kwa kuwa mtu asiye na kosa angepigania nyumba yake. Nilikuwa mkatili, nasema wazi, na nilikuwa mkatili kwa sababu nilijiona mwerevu.

Miaka ikapita, nikafika kidato cha pili. Mwalimu wa jiografia aliingia na tufe la plastiki lililopasuka Antaktika, akatuambia dunia huzunguka digrii kumi na tano kila saa, na kwa hiyo ukienda mashariki saa zinasonga mbele. Akatupa maswali ya mazoezi. Nikaacha maswali yake, nikafungua atlasi. Nairobi, digrii thelathini na saba mashariki. Guangzhou, mia moja na kumi na tatu. Tofauti ya masaa matano. Toa matano kwenye kumi na sita, unabaki na kumi na moja. Ongeza matano kwenye saba, unapata kumi na mbili. Kumi na moja kwenda, kumi na mbili kurudi, vilevile alivyosema akiwa na viatu mikononi. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani, nikalia huko mpaka kengele ikalia.

Jumamosi nilikwenda Baba Dogo bila kumwambia mtu. Stoo ilikuwa kati ya karakana ya kuchomelea vyuma na kiwanda kidogo cha sabuni. Baba alikuwa ameketi juu ya katoni akipanga jozi za viatu, nywele zimeota mvi upande mmoja zaidi ya mwingine. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Aliwasha stovu, akachemsha chai, akanipa kwenye kikombe. Nikamwambia na yeye anywe. Akasema nimalize kwanza, kikombe ni kimoja. Nilitazama chumba cha nyuma kupitia mlango uliokuwa wazi, nikaona kitanda chembamba, sahani moja, koti moja ukutani. Ndiyo, nilitazama. Hata siku ya kwenda kuomba msamaha nilikuwa ninapekua kwa macho.

"Hesabu yangu ilikuwa na makosa," nikamwambia.

"Ulikuwa mtoto. Hesabu yenyewe uliipanga vizuri sana."

"Lakini Mama Brayo alikuona huku."

Alifunga kamba za kiatu kimoja na chenzake, akazifungua tena. Kisha akaniambia jambo ambalo naamini hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akiogopa ndege. Hakuwahi kuzoea hata baada ya safari zote zile. Siku ya kusafiri alianza kutapika tangu asubuhi, mikono ikatetemeka hata kalamu ikamshinda. Ndiyo maana alikuja kukaa stoo peke yake mpaka saa ya kwenda uwanjani, na alipofika uwanjani alijifungia chooni hadi dakika ya mwisho. "Sasa niwabebe watu kumi na watano na mchungaji," akasema, "waje wanione baba mzima natapikia viatu vyangu? Pale ploti ningeitwa nini?"

"Ungemwambia Mama peke yake."

"Mama yako ndiye hasa sikutaka anione hivyo."  "Hakukuwa na mtu, Mwende. Hakuwahi kuwepo. Mwambie wewe. Mimi hataniamini, lakini wewe alikuamini mara ya kwanza."

Nilitoka huko moja kwa moja mpaka Gikomba. Mama alikuwa na kibanda cha mapazia ya mitumba karibu na mafundi wa mbao, na siku hiyo alikuwa amefungua robota jipya, shingoni utepe wa kupimia, aproni ya buluu kiunoni. Nikaanza kumweleza kuhusu digrii na masaa matano kwa pumzi moja. Hakuniacha nifike mbali.

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Si ni mimi nilikuwa nikimpigia simu?"

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya misumeno ya mafundi. Mama aliendelea kukunja pazia, kona kwa kona, bila kunitazama. Aliniambia kwamba masaa ya tikiti hayakumsumbua hata kidogo. Lililomsumbua ni lile la kukataa kusindikizwa, mwaka baada ya mwaka, gauni likimtazama kabatini. Alimuuliza Baba mara nyingi, naye akawa anacheka na kubadilisha mazungumzo. Halafu Mama Brayo akaja na maneno yake. "Nilikuwa nimejaa mpaka hapa," akasema akijigusa koo, "na sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Ukaja wewe na daftari. Nikasema, acha aulizwe na mama yake mzazi, labda leo atasema. Sikujua ataondoka."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Lakini nilikuwa nimetumwa, kwa hiyo nikamweleza yote. Ndege, kutapika, choo cha uwanjani, kikombe kimoja. Mikono yake ilisimama juu ya pazia. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona kidevu chake kikicheza kama cha mtoto anayejizuia kulia. Kisha akapeleka mikono mgongoni na kuanza kufungua fundo la aproni, kama afanyavyo akitaka kufunga kibanda.

"Na wewe ulivyomwona," akaniuliza, "umemwamini?"

Neno moja, ndiyo, lingetosha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, nimetoka kulia chooni kwa ajili ya mtu huyo, nimeona sahani yake moja kwa macho yangu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi yake. Kikombe cha pili huweza kufichwa. Mtu aliyejua kwamba binti yake atakuja siku moja ana muda wa kutosha kupanga la kusema. Na kule kukawia kwake mbele ya Susu, mbona kulikuwa kurefu vile?

"Sijui, Mama," nikasema.

Aproni ilikuwa imeshafunguka, imeshikwa na mkono mmoja tu. Mama alinitazama kidogo, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilitegemea. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda akishikashika pazia la maua. Mama akaifunga tena aproni yake, akaikaza, akamuuliza yule mteja dirisha lake lina upana wa futi ngapi.